Nilikarabati kiboti cha aluminiamu nyumbani Rhotia, nikakiziba upande usio wake

Wakuu, heshima kwenu wote, wakongwe wa humu na mliojiunga jana.

Naandika nikiwa nimekaa gereji, mvua inanyesha na leo hakuna gari la kunyoosha. Nitaeleza mambo kama yalivyokuwa, pamoja na sehemu zinazoniaibisha, na ziko za kutosha. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kama unatafuta stori ya mtu aliyepatia siku ya kwanza, uzi huu haukufai.

Mimi ni fundi bodi hapa Karatu. Magari ya safari yakigongwa na tawi au yakibonyea kule kreta, yanaletwa kwangu. Mlango, boneti, paa, nanyoosha, naziba, napiga rangi, gari linarudi kwa watalii. Kazi naijua, sitajisifia zaidi ya hapo.

Nyumbani kwangu ni Rhotia. Kwetu ni mahindi na maharage, na maji mengi tuliyozoea kuyaona mahali pamoja ni ya kwenye tenki. Sijui kuogelea. Baba hakujua. Sidhani kama katika ukoo wetu kuna mtu aliyewahi kuhitaji kujua, isipokuwa mdogo wangu Paskali, na yeye ndiye chanzo cha uzi huu.

Paskali aliteremka Mang'ola miaka kadhaa iliyopita kulima vitunguu, akaoa huko huko. Kwa asiyepajua, Mang'ola iko bondeni, karibu na Ziwa Eyasi. Hilo ni ziwa la magadi lenye tabia zake. Kuna miaka linakauka mpaka unalitembea na viatu, na kuna miaka mvua zikizidi linajaa, samaki wanakuwa wengi, na kila mtu anageuka mvuvi hata kama kazaliwa mlimani.

Lilipojaa safari hii, Paskali akaweka jembe pembeni.

Shida ilikuwa vyombo. Wengi kule hawana mtumbwi. Wanachukua madumu matupu ya lita ishirini, wanayafunga pamoja kwa kamba, juu wanapanga fito. Hicho ndicho chelezo. Mvuvi anakaa juu na nyavu zake, anasukuma kwa mti mrefu. Asubuhi ziwa linatulia, lakini kuanzia alasiri upepo wa bondeni ukishuka hakuna anayecheka.

Msimu uliopita kamba za chelezo cha Paskali zilifunguka akiwa mbali na ufukwe. Walikuwa wawili, yeye na mwenzake anaitwa Hamisi. Paskali alikumbatia dumu moja mpaka upepo ukamsukuma nchi kavu. Hamisi alipatikana siku ya tatu.

Baada ya msiba nilimfuata. Nikamwambia arudi nyumbani tugawane shamba la baba. Akanisikiliza vizuri, maana ana heshima, kisha akasema, "Kaka, shamba lile likigawanywa mara mbili hatutashiba wote wawili. Mimi shamba langu ni lile pale," akanyoosha mkono kwenye maji. Wiki ile ile alifunga madumu mengine.

Niliporudi Rhotia mama aliniuliza swali moja tu. "Umemwacha huko?"

Nikamweleza sababu zote. Aliendelea kuchambua maharage, halafu akasema, "Wewe ndiye mkubwa." Wakuu, ukubwa ni jalala, mnajua wenyewe. Usiku huo niliamua kwamba kama Paskali hatoki majini, basi lazima apate kitu cha maana cha kukalia.

Sasa tuje kwenye kiboti.

Kulikuwa na kampuni moja ya utalii hapa mjini ambayo zamani ilijaribu kupeleka wageni ziwani. Mpango ulikufa, kiboti kikabaki nyuma ya karakana yao kimeegemezwa ukutani. Cha aluminiamu, urefu kama hatua sita za mtu mzima, viti vitatu vya kukatiza. Nilipokikuta walikuwa wanafugia kuku. Nilimwomba msimamizi wao anipe, nikamnyooshea milango miwili ya gari, tukamalizana kwa kupeana mikono.

Kilipanda kwenye pikapu ya jirani mpaka Rhotia. Pale kwenye kijiwe cha bodaboda wakasimama wote.

"Fundi, umeambiwa lini?" mmoja akauliza.

"Nimeambiwa nini?"

"Gharika. Utuwekee nafasi na sisi."

Kuanzia siku ile jina langu Rhotia likawa Nuhu. Mpaka kanisani katekista alinisalimia hivyo, akajifanya amekosea.

Nilikiweka uani, juu ya magogo mawili, tumbo juu. Kwanza nikakwangua kinyesi cha kuku, nikatoa rangi ya zamani kwa brashi ya waya. Ilichukua jioni nyingi, maana mchana nilikuwa gereji. Chini ya rangi ndipo nilipoona hali halisi. Kilikuwa na mabonde manne makubwa, mpasuko mmoja upande wa mbele, na kwenye maungio ya bati ribiti nyingi zimelegea. Ribiti ni vile vipini vifupi vinavyoshika bati mbili pamoja, hata magari ya zamani ya safari yenye bodi ya aluminiamu yamejaa hivyo.

Nilipoziona ribiti nilifurahi sana. Nikasema kumbe hili ni gari tu lisilo na magurudumu.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Mabonde niliyanyoosha kwa nyundo ya mbao, chini nimeweka gunia la mchanga. Yalirudi vizuri mpaka nikajipongeza. Ribiti zilizolegea nikazitoboa zote, nikaweka mpya za kufyatua, zile zenye tundu katikati, ambazo fundi anapiga akiwa upande mmoja tu. Gereji tunazitumia kila siku. Mpasuko nikaufunika kwa kiraka. Halafu kila ungio, kila tundu la ribiti, nikajaza pati, ile tunayojazia mabonde ya bodi kabla ya rangi. Nikaipiga msasa mpaka ukipitisha kiganja husikii kitu.

Pati yote niliipaka kwa ndani. Kwa nini ndani? Kwa sababu nje nilitaka kubaki kuzuri. Miaka yote nimefundishwa kwamba mteja anaangalia nje. Nje nikapiga rangi ya kijani, nzuri, inang'aa, moja kwa moja juu ya bati.

Ukafika wakati wa kupima. Rhotia hakuna ziwa. Nikawaza, nikapata akili niliyoiona kubwa sana. Kama siwezi kuweka boti kwenye maji, nitaweka maji kwenye boti. Kama linavuja nitaona matone chini.

Nilifungulia mpira kutoka kwenye tenki la maji ya mvua, nikajaza kiboti mpaka kwenye viti. Mke wangu, Mama Neema, alikuwa mnadani. Aliporudi akatua kikapu taratibu.

"Baba Neema, hayo maji ni ya nani?"

"Yetu."

"Yalikuwa yetu. Sasa ni ya huyo samaki wako asiyekuja."

Alikuwa na haki ya kukasirika, mvua ilikuwa bado mbali. Nilimwahidi nitayarudisha kwa ndoo, tone kwa tone. Yalikaa humo siku mbili. Chini ya boti vumbi lilibaki kavu kabisa. Nilizunguka na tochi, nikapapasa kila ungio kwa nje. Hata unyevu hakuna.

Niliyatoa yale maji, yakiwa na harufu ya rangi. Mama Neema akakataa kufulia. Nikampelekea ng'ombe, akanusa, akaondoka zake. Lakini mimi nilikuwa juu sana. Nikampigia Paskali nikamwambia chombo kimekamilika.

Makasia nilichonga kwa mti wa mgrivea wa pale shambani. Kiboti kikashuka Mang'ola juu ya Fuso lililokuwa linaenda tupu kupakia vitunguu.

Paskali alikizunguka mara mbili. Akagonga ubavu kwa vidole. Niliona macho yake yamebadilika, na nikiri wazi, nilijisikia mtu mkubwa. Kesho yake asubuhi tukakisukuma majini, tukapanda wote wawili. Mimi ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza maishani kukaa juu ya maji.

Mwanzo kilielea vizuri sana. Ufukwe wa Eyasi ni wa taratibu, unaenda mbali kabla hapajawa na kina. Tulipofika mahali ambapo mti wa Paskali uligusa chini kwa shida, nikahisi soksi zimelowa.

Nikadhani ni matone ya kasia. Nikaangalia. Maji yalikuwa yanaingia kwenye ungio la katikati kwa mstari ulionyooka. Kila wimbi dogo likikibeba kiboti, bati lilikuwa linajikunja kidogo, na kila likijikunja kipande cha pati kilikuwa kinabanduka na kuelea miguuni mwangu kama ganda la yai.

"Kaka, kaa chini, usisimame," Paskali alisema. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Chota kwa hiyo sufuria. Mimi nageuza."

Nilichota. Sijawahi kuchota kitu maishani kwa moyo ule. Tuliruka nje maji yakiwa kiunoni, tukakiburuta hadi nchi kavu kikiwa kimejaa nusu.

Niliketi pale pale mchangani, na hofu haikuwa sababu kubwa. Sababu kubwa ilikuwa kwamba nilimpigia simu mdogo wangu nikamwambia kimekamilika. Angeenda peke yake siku ile, akavuka ule mstari wa kina, mama angeniuliza nini?

Pale ufukweni kulikuwa na mama mmoja mnunuzi wa samaki, wanamwita Mama Kulwa. Mzaliwa wa kule Mwanza, kakulia kwenye mitumbwi ya Ziwa Victoria. Alikuwa amekaa juu ya tenga lake anatutazama muda wote. Akaja, akainama ndani ya kiboti, akabandua pati kwa ukucha.

"Nani fundi?"

"Mimi, mama."

"Ulikipimaje?"

Nikamweleza. Tenki, siku mbili, vumbi kavu. Mama yule alicheka mpaka akarudi kukaa kwenye tenga lake, khanga ameishika mdomoni. Watu wakaanza kusogea.

Alipopata pumzi akasema, "Mwanangu, wewe umeziba paa. Paa unaziba huku juu kwa sababu mvua iko juu. Huku kwetu mvua iko chini. Ulipojaza maji ndani, yalikuwa yanakusaidia kuikandamiza hiyo takataka yako kwenye tundu. Ziwa linasukuma kutoka nje, linaitoa. Na hicho kitu ni kigumu, chombo kinacheza. Chombo kisichocheza kinavunjika."

Wakuu, miaka kumi na tano ya ufundi ilimalizwa na maneno hayo mbele ya watu wasiopungua ishirini. Na alikuwa sahihi kila neno. Niliona aibu, lakini kuuliza si ujinga, nikamwomba anielekeze. Akaniambia kwao mitumbwi ya mbao wanaikalafati kwa pamba yenye mafuta, wanaigongea kwenye maungio kwa nje. Ya bati hakuwa na utaalamu nayo, ila kanuni ni ile ile. Ziba upande unakotoka maji, kwa kitu kinachovutika. Na chini ya viti weka kitu cha kuelea, ili hata kikijaa kisizame.

Jioni Paskali alinikalisha. "Kaka, umejitahidi sana. Rudi kwa watoto, kazi yako inakusubiri. Mimi nina chelezo changu."

Asubuhi nilimwona anaondoka. Amekaa juu ya madumu, magoti yamegusa kifua, anajisukuma taratibu mpaka akawa kidoa. Na mimi fundi nimesimama pale pembeni ya kitu cha kijani kinachong'aa. Nilipata hasira ambayo sijawahi kuipata, na yote ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Nikatafuta Fuso linalopanda. Lilikuwa limejaa vitunguu, kwa hiyo kiboti kilifungwa juu ya magunia, tumbo juu. Nilijua nitapita kijiweni Rhotia mchana kweupe. Nilipita.

"Nuhu, maji yamekauka?" wakauliza.

"Safina ilivuja," nikawajibu. "Inarudi gereji."

Nadhani walitegemea nitakasirika. Baada ya hapo utani ulipungua, na mmoja wao akaja kunisaidia kukishusha.

Awamu ya pili sikukimbilia. Wiki nzima ilikwenda kubandua pati peke yake, kwa patasi na brashi. Kila ribiti ya kufyatua niliyoiweka kwa madaha niliitoboa nikaitupa. Nilipata ribiti ngumu za aluminiamu Arusha, zisizo na tundu. Hizo zinahitaji watu wawili. Mmoja nje anagonga, mwingine ndani ameshikilia chuma kizito upande wa pili ili mkia wa ribiti ubondeke na kubana.

Mtu wa pili alikuwa Mama Neema. Sikumwomba. Alinikuta najaribu kushika vyote kwa mikono miwili na goti, akavua kanda mbili, akaingia ndani ya kiboti akachukua chuma.

"Gonga," akasema.

Tulifanya hivyo kila jioni akishamaliza kukamua. Yeye ndani simwoni, mimi nje. Nikigonga vibaya nasikia, "Hiyo haijakaa, toa." Alikuwa hakosei.

Jioni moja katikati ya kazi akauliza, "Hivi ziwa lile si la magadi?"

"Ndiyo."

"Mimi nikitia magadi kwenye maharage, sufuria inakuwa nyeusi. Ukiyaacha mpaka kesho yanaitafuna. Sasa hiki chombo chako si sufuria?"

Niliacha nyundo. Nikakumbuka rangi yangu ya kijani, jinsi ilivyoanza kubabuka baada ya asubuhi moja tu majini, na chini yake bati limeshaanza madoa. Nilikuwa nimedhani ni kukwaruzwa na mchanga. Hakuna mwanamke Karatu asiyejua magadi yanaifanyia nini sufuria, na mimi niliyeshinda na aluminiamu kila siku sikuwaza. Rangi ikatoka yote. Safari hii nikaanza na primer ya aluminiamu, ile rangi ya msingi inayoshika bati, nikaipaka mara mbili, ndipo rangi yenyewe, ndani na nje.

Na ya kuzibia? Ilikuwa kwenye kabati langu la gereji muda wote. Ile gundi nyeusi tunayobandikia vioo vya mbele vya magari. Haiwi ngumu, inavutika kama mpira, na maji hayaipiti. Niliipaka katikati ya bati kabla ya kugonga ribiti, kisha nikapitisha nyingine kwenye kila ungio kwa nje. Haikuwa nzuri kuangalia. Mistari myeusi kila mahali, boti linaonekana limeshonwa hospitali. Nikaiacha hivyo hivyo.

Chini ya viti nikafunga madumu matupu sita, vifuniko nimevibana kwa gundi ile ile.

Kupima sikugusa tenki tena. Nilikwenda Qurus, kuna lambo la kunyweshea mifugo, nikaongea na mwenyekiti wa lambo akakubali kwa sharti nisichafue maji. Tukaliweka boti majini. Nikapakia mawe mpaka likashuka kina, nikaingia na mimi, nikakaa humo asubuhi nzima, ng'ombe wanakunywa pembeni. Mama mmoja aliyekuja kuchota maji aliniangalia kwa huruma. "Baba, unavuka kwenda wapi? Ng'ambo ni shamba langu la mahindi."

Nikamwambia siendi popote. Nilikuwa nasimama, nakaa, natikisa ubavu huu na ule ili bati lijikunje jinsi lilivyojikunja Eyasi. Kisha napapasa sakafu. Kavu. Nilirudia siku ya pili na ya tatu, maana siku mbili za tenki zilikuwa zimenifundisha.

Ndipo tukashuka Mang'ola tena.

Paskali safari hii hakuzunguka wala kugonga. Akasema, "Kaka, leo naenda mwenyewe. Wewe una familia."

"Na wewe una nini?"

Akaokota kasia.

Nikamwambia, "Ribiti nimepiga mimi. Kama siwezi kukaa juu yake, sina haki ya kukupa." Nikaingia nikakaa kiti cha katikati. Sikuwa na ujasiri wowote wakuu. Lakini lile jambo nilikuwa nimeshaliamua nyumbani, na niliona nikishuka sasa hivi sitapanda tena.

Mama Kulwa alisimama kwenye tenga lake. Hakucheka.

Tulivuka ule mstari wa kina. Tulikwenda mbali mpaka watu ufukweni hawatambuliki. Paskali akatega nyavu, tukasubiri, na kwa makusudi tukasubiri mpaka upepo ulipoanza. Mawimbi yakaja. Kiboti kikapanda, kikashuka, bati likalia. Nilikuwa nimeweka viganja vyote viwili kwenye ungio la katikati na macho nimefumba. Nilihesabu mawimbi mpaka nikapotea hesabu. Viganja vilibaki vikavu.

Nikalia. Sijui nisemeje vinginevyo. Paskali aliona, akageuka upande wa pili akajifanya anavuta wavu.

Sasa hiki ndicho nilichojifunza. Ujuzi wa kazi yako unaweza kukupoteza ukiupeleka mahali usipopajua bila kuuliza wenyeji. Niliheshimu bati, sikuheshimu maji. Walionitoa gizani ni mnunuzi wa samaki na mke wangu na sufuria yake, na wote wawili walikuwepo tangu mwanzo, ni mimi tu sikuuliza. Na kitu cha kuokoa maisha ya mtu usikipime kwa namna inayokupendeza. Kipime kwa namna kitakavyotumika.

Kama una kiboti cha bati nyumbani, usitumie pati. Nakuomba.

Mliokulia Ukerewe, Kigoma, Kyela, naomba mnisaidie. Kwa maji ya magadi rangi inadumu muda gani kabla ya kurudia? Na ribiti, mnazikagua kila baada ya miezi mingapi? Hata kama ni kunicheka, nicheke halafu unijibu. Nitasoma maoni yote.

Nilitaka kuishia hapo, ila niongeze moja.

Shemeji yangu, mke wa Paskali, sikumtaja kwa sababu hapendi kutajwa. Tangu msiba wa Hamisi alikuwa hafanyi kazi yoyote ikishafika saa tisa alasiri. Upepo ukianza tu anaacha jembe, anaacha chungu, anakwenda kusimama ufukweni mpaka Paskali atokee. Kila siku, msimu mzima. Nilikuja kulijua hilo juzi juzi tu, Mama Kulwa ndiye aliyenisimulia.

Leo nimempigia saa kumi, nikasikia upepo unavuma kwenye simu. Nikamuuliza Paskali yuko wapi.

"Yuko ziwani. Shemeji, naomba nikupigie baadaye, nimebakiza mstari mmoja wa vitunguu nimalize kupalilia."

Akakata simu.